Mshahara wa Yaya Utoke Mfuko wa Nani?



Katika ukurasa wetu leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya neno moja ambalo husemwa katika nyumba nyingi za Kikristo, na kwa kawaida husemwa usiku, watoto wakiwa wamekwisha kulala. Mume humwambia mkewe: “Mama watoto, hebu piga hesabu. Ukishamlipa yaya, mshahara wako unabaki nini? Si afadhali uache kazi ukae na mtoto?” Mke hunyamaza, maana hesabu yenyewe inaonekana kuwa sawa. Lakini moyoni anaumia, wala hajui ajibu nini.

Wengi wanaosema neno hilo si waume wabaya. Ni waume wanaowapenda wake zao na wanaowaona wamechoka. Hata hivyo, ndani ya neno hilo limejificha kosa moja, na kosa hilo ni mzizi wa taabu nyingi za akina mama wanaofanya kazi. Ni kudhani kwamba mtoto ni wa mama, na kwa hiyo gharama ya kumlea itoke katika jasho la mama peke yake.

HESABU ILIYOPINDA

Tufanye hesabu hiyo upya. Tuseme mume anapata shilingi 25,000 kwa mwezi, mke anapata shilingi 20,000, na yaya analipwa shilingi 10,000. Mume anatoa 10,000 katika 20,000 na kusema: “Unafanya kazi mwezi mzima kwa ajili ya shilingi 10,000 tu.” Lakini kwa nini anatoa katika zile 20,000? Kwa nini hatoi katika zile 25,000 zake? Au mtoto huyu hana baba?

Hesabu iliyonyoka ni ya nyumba nzima. Nyumba hii inaingiza shilingi 45,000. Ikimlipa yaya inabaki na 35,000. Mama akiacha kazi, nyumba inabaki na 25,000. Basi kwa kumwachisha mama kazi, nyumba imepoteza shilingi 10,000 kila mwezi, yaani shilingi 120,000 kwa mwaka. Na bado hatujataja akiba yake ya uzeeni, wala cheo ambacho angepandishwa, wala nafasi ambayo huenda asiipate tena. Mtoto atahitaji kushikwa kwa miaka mitatu au minne. Kazi ya mama yaweza kudumu miaka thelathini.

Tueleweke vizuri. Hatusemi kwamba kila mama ni lazima aajiriwe. Mama anayebaki nyumbani kwa hiari yake, wakiwa wamekubaliana na mumewe, anafanya kazi kubwa na yenye heshima. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alitetea sana heshima ya mama wa namna hiyo. Lakini katika waraka huohuo alifundisha pia kwamba kazi yenyewe ipangwe kwa namna ambayo mwanamke hatalazimika kuitoa sadaka familia yake ili aendelee, wala kunyimwa kazi kwa sababu ni mama. Jambo la kuangalia ni hili: je, mama amechagua, au amesukumwa?

ZAMANI NANI ALIMSHIKA MTOTO?

Wazee wa Litein na sehemu zote za Kericho na Bomet watakumbuka kwamba zamani mama hakulea peke yake. Kulikuwako na cheplakwet, yaani msichana mdogo, mara nyingi dada au binamu, ambaye kazi yake ilikuwa kumbeba na kumchezesha mtoto wakati mama yuko shambani. Kulikuwako pia na kogo, bibi yake mtoto, ameketi mlangoni akiangalia. Mama alilima na kukata kuni akijua kwamba mtoto yu mikononi mwa watu wake.

Leo cheplakwet yuko darasani, na ni vema awe huko. Tangu Januari 2003 elimu ya msingi katika shule za serikali ilipotangazwa kuwa bila malipo, hakuna tena sababu ya binti wa miaka saba kukaa nyumbani kubeba mtoto. Kogo naye mara nyingi yuko shambani anachuma chai yake, au anaishi mbali. Watu wawili waliomsaidia mama wameondoka, lakini mzigo haukuondoka pamoja nao, umebaki mgongoni mwa mama. Baba, ambaye zamani hakutarajiwa kumshika mtoto mchanga kwa sababu mikono mingine ilikuwapo, bado anaishi kana kwamba mikono hiyo ipo.

Mwangalie mama anayechuma chai kwa kilo katika shamba la jirani. Anatoka alfajiri, mtoto mgongoni. Kikapu nacho kinataka mgongo huohuo. Basi mtoto analazwa kando ya shamba chini ya mwavuli, pamoja na kaka yake wa miaka minne wa kumwangalia. Alasiri mvua ya Kericho haikosi. Halafu kuna kituo cha kupimia majani, ambapo lori la kiwanda laweza kuchelewa mpaka giza liingie, na huwezi kuyaacha majani yako ukaenda kunyonyesha. Mama huyo akifika nyumbani anakuta moto haujawashwa.

Na kama chai ni yao wenyewe, mara nyingi nambari ya mkulima kiwandani ni ya mume. Mke anachuma, mume ndiye anayepokea malipo ya mwezi, na bonasi ikija mwezi wa Oktoba, ni mume anayekwenda mjini. Mke akiomba fedha za msichana wa kumsaidia kulea, anaambiwa hakuna. Ndugu yetu mume, majani uliyolipwa hayakujichuma. Yalichumwa na mikono ambayo ingekuwa imemshika mtoto wako.

ELKANA NA BINTI WA FARAO

Tusikilize Neno la Mungu. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya kwanza, Elkana alikuwa na desturi ya kupanda kila mwaka kwenda Shilo kutoa sadaka, yeye na watu wote wa nyumba yake. Hana alipokuwa ananyonyesha, alimwambia mumewe kwamba hatakwenda mpaka mtoto aachishwe ziwa. Elkana angaliweza kusema, “Hii ni safari ya Bwana, wewe nani hata ukatae?” Hakusema hivyo. Alimwachia afanye aonavyo vema. Mtu huyu alipanga hata ibada ya nyumba yake kulingana na mtoto anyonyaye. Je, sisi tunashindwa kupanga saa ya chakula cha jioni?

Tena, katika Kitabu cha Kutoka, sura ya pili, yuko binti wa Farao. Alimtoa mtoto Musa majini, akatafutiwa mama wa kumnyonyesha, naye bila kujua akapewa mama mzazi wa mtoto. Akamwahidi mshahara kwa kazi hiyo. Angalieni jambo hili: binti wa mfalme mpagani alitambua kwamba kumlea mtoto ni kazi, na kazi ina ujira wake. Hakumwambia yule mama kwamba kunyonyesha ni kazi ya wanawake tu, haina malipo. Ikiwa mpagani alilijua hilo, sisi tuliobatizwa tutajitetea vipi?

Na Mtakatifu Yosefu je? Usiku ule alipoonywa na malaika, aliamka akamchukua mtoto na mama yake, akaenda Misri. Alikuwa fundi, naye aliondoka kwa ajili ya uhai wa mtoto. Hakumwambia Maria, “Nenda wewe, mimi nina kazi.”

SHERIA INASEMAJE?

Ni vizuri wanandoa wajue pia haki zao katika nchi yetu ya Kenya, maana haki isiyojulikana haidaiwi.

Katika sheria ya zamani ya kazi, mama alipewa miezi miwili ya likizo ya uzazi, tena mwaka huo alipoteza likizo yake ya kawaida, kana kwamba kujifungua ni mapumziko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iliondoa jambo hilo. Sasa mama anapewa miezi mitatu yenye malipo kamili, bila kupoteza likizo yake ya mwaka. Akirudi ana haki ya kupewa kazi yake ileile, au kazi nyingine inayomfaa yenye masharti yasiyo duni kuliko yale ya kwanza. Kumfukuza kwa sababu ana mimba ni kosa. Baba naye anapewa wiki mbili zenye malipo kamili. Wengine huzitumia wiki hizo mjini, wakipokea pongezi kwa kupata mtoto. Wiki hizo zimewekwa kwa ajili ya kufua nepi, kupika uji, na kumwacha mama alale.

Wauguzi wetu hutufundisha kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Sheria inatoa mitatu. Miezi mitatu inayobaki itafanyikaje? Hapo ndipo Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inapoingia. Inawataka waajiri watenge mahali safi na pa faragha pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na wampe mama anayenyonyesha muda kwa ajili hiyo, usiozidi saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na mapumziko ya kawaida. Lakini saa hiyo ina faida gani kama mtoto yuko umbali wa kilometa kumi? Ndiyo sababu mahali pa kulelea watoto karibu na kazi ni jambo la lazima. Katika baadhi ya mashamba makubwa ya chai ya Kericho, kwa msaada wa UNICEF, akina mama wametengenezewa vyumba vya kunyonyeshea na mahali pa kuwaacha watoto karibu na wanapochuma. Basi jambo hili linawezekana hata katika nchi yetu ya chai.

Vibarua nao wasisahauliwe. Mtu anayeitwa kibarua huku akifanya kazi mfululizo mwezi baada ya mwezi, sheria haimhesabu tena kuwa kibarua. Wako akina mama wanaozunguka na jina hilo miaka mingi, na kila wakipata mimba wanaambiwa warudi nyumbani.

NENO KWA MSIMAMIZI

Miongoni mwa wasomaji wetu wamo pia wakuu wa shule, wasimamizi wa mashamba, wenye maduka, na wakubwa wa viwanda na ofisi. Ndugu, unapompitisha mwanamume cheo kwa sababu tu mwenzake “atazaa tena”, unamwadhibu mwanamke kwa baraka ya Mungu. Huyo mwanamume unayempandisha naye ana watoto, lakini hakuna aliyemwuliza nani anawashika.

Mnamo Februari 2023 shirika la utangazaji la BBC lilionyesha filamu juu ya mashamba makubwa ya chai ya Kericho. Wanawake zaidi ya 70 walieleza jinsi walivyodhulumiwa kimwili na wasimamizi wao. Lilikuwa jambo la aibu kwetu sote. Limetufundisha kwamba mama asiachwe kutegemea hisani ya mtu mmoja ili apate kazi nyepesi akiwa mjamzito, au ruhusa ya kwenda kunyonyesha. Haki yake iandikwe, ibandikwe ukutani, kila mtu aisome. Penye kanuni iliyo wazi, mtu mwovu anakosa cha kuuza.

Mtume Yakobo anatukumbusha kwamba ujira waliopunjwa wavunaji unalia, na kilio chao kimemfikia Bwana. Katika barua yake kwa wanawake wote, ya tarehe 29 Juni 1995, Yohane Paulo II alidai mishahara iliyo sawa kwa kazi iliyo sawa, ulinzi kwa akina mama wanaofanya kazi, na haki katika kupandishwa vyeo. Hayo ni mafundisho ya Kanisa, si maneno ya wanasiasa tu.

Na ninyi wenye kuajiri yaya, jiangalieni. Huyo naye ni mwanamke mfanyakazi, na huenda ameacha mtoto wake kwa bibi huko kwao. Asiwe mtoto aliyepaswa kuwa shuleni. Alipwe kwa wakati, apate siku ya kupumzika na ya kwenda Misa. Tusidai haki kwa mwajiri wetu huku tukiinyima jikoni mwetu.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mume na mke wakae chini, waandike mapato yote ya nyumba katika karatasi moja: mishahara, chai, maziwa, biashara ndogo. Gharama ya kulea iandikwe karibu na karo na chakula, itoke katika mfuko wa nyumba. Neno “mshahara wako ndio wa yaya” lisisikike tena. Kama chai ni ya nyumba, malipo yajulikane kwa wote wawili, na bonasi ipangwe kabla haijafika.

Pili, wagawane saa, si fedha tu. Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya 53, inasema wazi kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto. Mume achague kazi moja ya kila siku iwe yake: kumwogesha mtoto jioni, au kumpeleka kliniki, au kupeleka majani kituoni na kulingoja lori ili mama arudi mapema. Asiseme “ninamsaidia mke wangu.” Mtu hamsaidii mwingine kumlea mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Mke naye asimfukuze mume jikoni kwa kicheko, wala asimwambie mbele ya mama mkwe kwamba hajui kumshika mtoto. Mwanamume aliyechekwa mara mbili hatajaribu mara ya tatu. Na akina mama wakwe, tunawasihi: mkimwona mwana wenu amembeba mtoto, msiulize kama amerogwa.

Tatu, Jumuiya Ndogo Ndogo zisaidie. Ukumbi wa parokia au wa kigango mara nyingi ni mtupu kutoka Jumatatu hadi Ijumaa. Akina mama kumi wanaweza kuchanga kidogo na kumlipa mama mmoja au wawili waaminifu wawaangalie watoto hapo. Akina baba wajenge ua na choo kidogo, walete tangi la maji. Tena, Katiba imeweka vituo vya kulelea watoto chini ya serikali za kaunti. Basi mwakilishi wa wadi anapokuja kuomba kura, aulizwe juu ya barabara na juu ya kituo cha watoto vilevile.

Wapenzi wanandoa, siku ya arusi padre aliwauliza ninyi wawili kama mko tayari kuwapokea kwa mapendo watoto watakaotoka kwa Mungu. Mliitikia wote wawili, si bibi arusi peke yake. Usiku wa leo, mtoto akilia, kumbukeni jibu lile.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Katika nyumba yetu, nani anamlipa anayetulelea mtoto? Tulikubaliana, au ilitokea tu?

2. Juma lililopita, kila mmoja wetu alikuwa na mtoto peke yake kwa saa ngapi?

3. Mahali tunapofanya kazi, mama anayenyonyesha anapata muda na mahali? Kama hapati, nani kati yetu anaweza kulisema jambo hilo pasipo kumponza yeye?

4. Katika jumuiya yetu, ni mama gani anayemlaza mtoto kando ya shamba kwa kukosa wa kumwachia? Tutaanza na nini kumsaidia mwezi huu?

TUSALI

Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyemkabidhi Mwanao mikononi mwa Maria na Yosefu wote wawili, uzijalie nyumba zetu kuchukuliana mizigo. Uwape nguvu akina mama wanaotoka alfajiri, uwafungue macho akina baba, na uilainishe mioyo ya wanaoajiri. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.